Marufuku Kuzungusha Mbele ya Akriliki

Wananchi wa Mikumi na vitongoji vyake walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya Land Rover, kwamba wasiwe na hofu yoyote kwa kuwa pampu imedhibitiwa. Wengi hawakuwa na hofu, maana hawakujua kama kuna pampu. Lakini tangazo lilirudiwa kutoka stendi mpaka karibu na geti la mbuga, na kufikia mchana hofu ilikuwa imewafikia watu wote bila ubaguzi.

Aliyetangaza ni Bwana Wenceslaus Shimba, Kaimu Mratibu wa Ofisi ya Biashara Huria na Mandhari. Ofisi hiyo ilianzishwa zama za ruksa zilipoingia, kwa hoja nzito kwamba watu wakiachwa huru kufanya biashara, lazima awepo mtu wa kuwaruhusu kuwa huru. Wenceslaus alikuwa amekaimu muda mrefu kiasi kwamba mkewe, wakikorofishana, humwita Kaimu. Alichokitaka duniani ni kuthibitishwa tu, na tayari alikuwa na vitu viwili vya mratibu kamili. Kimoja ni kiti cha kuzunguka, kilichotoka Dar es Salaam kikiwa bado kimevaa nailoni yake. Cha pili ni dirisha la akriliki, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, lililowekwa kati yake na wananchi ili waione huduma vizuri. Chini ya dirisha kulikuwa na tundu, usawa wa kiuno, mwananchi apate kuzungumza akiwa ameinama. Utaratibu huo ulikuwa umeongeza sana heshima kati ya pande zote mbili.

Dirisha hilo ndilo lililomleta Mama Celestina Budeba. Huyu alikuja na mumewe kutoka Usukumani, wakiwa na ng'ombe. Ng'ombe akamwachia mume, yeye akafungua hoteli kando ya barabara kuu. Ufundi wake ulikuwa kuuza samaki hai. Alinunua tangi la akriliki kwa mzungu mmoja aliyekuwa anahama, akajaza perege waliovuliwa Mkondoa, kule Kidete. Dereva wa lori la Zambia anashuka, ananyoosha kidole, yule pale, na yule pale anaingia kikaangoni. Hoteli nyingine zilikuwa zinauza maharage na masikitiko.

Pamoja na tangi, mzungu alimwachia pampu ya kuzungusha maji. Ilikuwa na vipande viwili vyenye sumaku. Kimoja kinakaa ndani ya maji, kingine nje, vinashikana ukuta ukiwa katikati. Kabla hajaifunga, dereva mmoja mjuaji akamwambia kwamba sumaku hiyo itapasua plastiki na perege watamalizia maisha yao barabarani. Mama Celestina si mtu wa kubahatisha. Akaona aende kwa wenye akriliki yao.

Akainama tunduni. "Naomba kuuliza tu, baba. Hii pampu ni salama kwa tangi la akriliki?"

Wenceslaus angeweza kujibu kwamba hajui, lakini jibu hilo halikuwemo katika muundo wa utumishi. Akazungusha kiti mara moja, taratibu, kama afanyavyo akitaka kufikiri.

"Umesema salama?"

"Ndiyo."

"Basi hilo si suala la samaki tena, mama. Hilo ni suala la usalama."

Suala la usalama lina kamati yake. Ofisi ilikuwa na Kamati ya Usalama yenye wajumbe watatu: Wenceslaus mwenyewe, kamanda mstaafu wa mgambo, na karani Filomena, ambaye alikuwa akiandika kumbukumbu na, kura zikifungana, akipiga kura na kwenda kuchemsha chai. Pampu ikawekwa chini ya ulinzi. Ikafungiwa kwenye droo, ikafungwa kikaratasi kilichoandikwa mtuhumiwa, na Land Rover ikatoka kwenda kutuliza wananchi.

Mama Celestina alirudi kuulizia akaambiwa mhusika hayupo. Akarudi tena, akaambiwa mhusika yupo ila faili limekwenda Kilosa. Akaenda Kilosa, ambako hakuna aliyeliona faili, ila alishauriwa apate maoni ya watu wa pampu kule Kilangali. Watu wa Kilangali wakamkaribisha vizuri, wakamwonyesha pampu yao inayovuta maji ya mpunga, wakamwambia wao hawajawahi kukutana na perege kikazi. Akarudi Mikumi, akainama tunduni, akaambiwa aje kesho.

Foleni nzima ilimwelewa. Mbele yake alisimama Sironga, mfugaji wa Kimasai, aliyekuwa akifuatilia kibali cha kuhamisha ng'ombe. Alikuwa amezungushwa sana huyu. Ndama aliyeombewa kibali sasa alikuwa na ndama wake, na Wenceslaus alimjulisha kwamba maombi yatabidi yaanze upya, kwani idadi imebadilika.

Hotelini mambo yalikuwa mabaya. Maji yasiyozunguka yalianza kupata joto na uvundo. Perege wakapanda juu, wakawa wanatweta midomo wazi kama watu wanaoomba kuchangia mkutanoni. Mama Celestina akachukua upawa, akawa anakoroga. Akichoka, anakoroga mteja. Ikawa desturi kwamba ukitaka kula samaki, kwanza umkorogee. Madereva waliifurahia kazi hiyo wakaifanyia mashindano, malori yakapangana mpaka kwa majirani, lakini usiku madereva wanalala na perege wanahitaji hewa. Wawili walikufa. Mama Celestina aliwalilia machozi ya kweli, ingawa aliwanunua ili awakaange, kwa sababu kufa bila kuliwa aliona ni kuonewa.

Wakati huohuo ikaja habari kwamba Mkaguzi Mkuu kutoka wizarani atapita Mikumi, na akiridhika atamthibitisha Kaimu. Wenceslaus aliona ni vyema mgeni akute jambo zito limekamilika. Akaitisha kamati, akaamuru mtuhumiwa afanyiwe majaribio ya vitendo.

Akriliki iliyokuwa karibu ni ya dirisha. Filomena alitumwa nje na kipande kimoja cha pampu, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na birika, alikiweka kwanza chini, kwenye mchanga wa uani. Sumaku ikabeba ilichobeba. Kisha vipande viwili vikabandikwa, kimoja ndani, kimoja nje, vikashikana kwa kishindo kilichomfanya kamanda mstaafu alale kifudifudi. Dirisha halikupasuka. Wenceslaus hakuridhika. Akakisukuma kipande chake juu, chini, kisha akakizungusha, na cha nje kikamfuata kwa utii. Utii huo ulimfurahisha. Akazungusha na kuzungusha, akiwa kwenye kiti kinachozunguka, mpaka Filomena kule nje akasema kwa upole kwamba hamwoni tena.

Dirisha zima lilikuwa limechunwa. Mikwaruzo ilizunguka kuanzia ukingo hadi ukingo, na anayekaa ndani aliona watu wa nje kama vivuli vya migomba.

Filomena alitaja mchanga. Kamati ikamkumbusha kwamba mchanga haukuwemo kwenye ajenda. Baada ya sambusa ikaamuliwa kwamba pampu haina kosa na akriliki haina kosa. Hatari ni kuzungusha. Wenceslaus aliandika agizo kwa mkono wake, na kwa kuwa alichukia sheria zenye mianya, hakuacha hata mmoja. Fundi akalipaka juu ya dirisha kwa rangi nyekundu:

MARUFUKU KUZUNGUSHA KITU CHOCHOTE AU MTU YEYOTE MBELE YA AKRILIKI. ATAKAYEKIUKA ATANYANG'ANYWA ANACHOZUNGUSHIA NA ATASIMAMA FOLENI MPAKA SUALA LAKE LIAMULIWE.

"Mtu yeyote, bosi?" Filomena aliuliza.

"Yeyote," alisema Wenceslaus. "Asije mtu akatuletea ujanja."

Siku ya mgeni, ofisi ilifagiliwa tangu alfajiri. Wenceslaus alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka, akakaa akimsubiri mtu atakayeshuka kwenye gari kubwa. Gari kubwa liliharibikia mbugani, na Mkaguzi Mkuu, mzee mwembamba asiyependa kusubiri, alipanda lori la vitunguu akashukia hotelini kwa Mama Celestina. Akaagiza samaki. Akapewa upawa. Akiwa anakoroga aliuliza sababu, akaelezwa, akasema hata yeye anaelekea huko ofisini, waongozane.

Kwa hiyo, kilichofika dirishani kilikuwa kivuli kama vivuli vingine. Kikainama tunduni, kikaomba kuonana na Kaimu Mratibu.

"Mhusika hayupo," alisema Wenceslaus, akakizungusha kiti kutazama kama gari limefika.

Kivuli kikasema kinaweza kusubiri.

"Usisubiri. Nenda Kilosa, wakikugongea muhuri rudi hapa, kama mhusika atakuwepo."

Mzee alijinyoosha kiuno pole pole, akaiuliza foleni yale maandishi mekundu yanasema nini, kwani miwani yake aliiacha garini. Mama Celestina akamsomea. Alisoma polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye mtu yeyote, Sironga aliyekuwa nyuma yao akaanza kucheka, kicheko kikapokelewa foleni nzima mpaka kwa muuza karanga.

"Nimezungushwa," mzee alisema. "Mbele ya akriliki. Au hii si akriliki?"

Filomena, kwa faida ya kumbukumbu, alithibitisha kwamba ni akriliki.

Wenceslaus aliitambua sauti ya Mkaguzi Mkuu akiwa amechelewa. Alitoka mbio kupitia mlango wa nyuma, akasema shikamoo mara nyingi kuliko inavyohitajika. Mzee akaitika marahaba mara moja tu. Halafu akasema agizo hilo ni zuri, halina mwanya hata mmoja, na ni aibu sheria nzuri hivyo kukaa bila kutumika. Kamanda mstaafu akatumwa kunyang'anya kile kinachotumika kuzungushia. Alitafuta ofisi nzima, na kilichokuwa kinazunguka kilikuwa kimoja. Kiti kikatolewa kikiwa na nailoni yake, kikafungwa kikaratasi cha mtuhumiwa kilichobanduliwa kwenye pampu.

Mama Celestina alirudi hotelini na pampu yake. Aliifuta sumaku kwa kanga mbichi mpaka ikang'aa, akafuta na ukuta wa tangi, akaibandika pole pole bila kuiburuza. Maji yakazunguka. Perege wakashuka chini wakaendelea na shughuli zao, na tangi lile halikupata hata mkwaruzo.

Sironga naye alipata kibali chake, cha ng'ombe, ndama, na wajukuu watakaozaliwa njiani.

Wenceslaus alisimama foleni kama agizo lilivyotaka. Zamu yake ilipofika aliinama tunduni, na kwa mara ya kwanza akajua tundu lile liko chini kiasi gani.

"Naomba suala langu liamuliwe," alisema.

Ndani, Filomena alikuwa amekaa kwenye kigoda. Alifungua jalada, akasoma jina la afisa anayeamua, Wenceslaus Shimba, akatazama kivuli kilichoinama nyuma ya mikwaruzo.

"Pole, mzee," alisema. "Mhusika hayupo. Njoo kesho."