Kuhusu Kalibu Iliyochaguliwa kwa Dakika Nne

Harlan Tveit,
Barabara ya Kisima cha Chumvi,
Bonde la Sorrel, Montana.
Machi 14

Kwa Mhariri,
Jarida la Klabu ya Bunduki ya Bonde la Sorrel.

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na mgongo wako. Mimi ni mzima kiasi, ila moyo umechafuka. Naomba nafasi katika jarida letu nieleze sababu, kwa heshima zote na bila kumtukana mtu, ingawa wapo wanaostahili.

Wanachama wapya huenda hawajui. Miaka sita iliyopita klabu iliunda Kamati ya Kuchagua Kalibu. Kazi yake ilikuwa kutafuta kalibu moja ya kumiminia madini yaliyoyeyushwa ili kusubu risasi za bunduki zetu za mtutu mpana, ambayo kila mwanachama angeweza kuiazima, na risasi yake ifae kwa kila windo: elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, paa, dubu, hata kwale wa kitoweo. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Wajumbe walikuwa Bi Ardis Hovland, mjane wa marehemu Einar, na Bwana Virgil Stenerud. Tulikutana kila Alhamisi saa kumi jioni, jikoni kwa Bi Ardis, kwa kuwa ndiye mwenye meza kubwa. Tumefanya vikao mia mbili themanini na saba.

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa zimamoto, nilisimama kuusomea mkutano mkuu ripoti yetu ya kurasa mia tatu na kumi. Nilikuwa nimefika ukurasa wa pili. Bi Ardis akainuka na kusema, nanukuu: "Jamani eeh! Ncha bapa, uzito greni mia nne, haitaki kuvishwa kofia ya shaba kitakoni. Inamwangusha elki, na ukipunguza baruti unapata kwale mzima wa kupika. Wanaoafiki wanyooshe mikono, supu inapoa." Mikono ikanyooka ukumbi mzima. Dakika nne, Ndugu Mhariri! Nilizihesabu kwa saa yangu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Haraka. Klabu hii ilikaa vikao vitatu kuchagua rangi ya mlango wa choo, na bado watu wananuniana mpaka leo. Iweje kitu kitakachopita ndani ya mtutu wa bunduki ya babu yangu kiamuliwe kwa sababu ya supu?

2. Kudharauliwa kwa sayansi. Kamati ilipima kalibu kumi na moja. Ile ya ncha kali tuliikataa, maana risasi hizi hupangana ndani ya bomba lililo chini ya mtutu, ncha ya moja ikigusa kitako cha mwenzake, na hakuna anayetaka bunduki imlipukie mkononi. Ile nzito ya greni mia tano tuliiacha baada ya kunilegeza bega na jino moja. Nyingine zote tulizipima kwa kupiga madumu ya maziwa yaliyojazwa maji na kupangwa mstari, kama ilivyo desturi yetu. Ni kweli kwamba upimaji mkubwa ulifanyika Februari, na kwamba maji yalikuwa yameganda, na kwamba kalibu tatu zilikataliwa kwa kosa la barafu. Bi Ardis alisema palepale, "Harlan, hayo si madumu, hayo ni mawe. Elki gani huyo?" Niliandika maoni yake kwenye kumbukumbu. Lakini nauliza, kama elki mwenyewe ameganda, je?

3. Kura ya Bwana Virgil. Huyu alilala katika vikao visivyopungua mia mbili, na hata Jumamosi alikuwa amelala. Aliamka aliposikia neno supu, akanyoosha mkono. Naomba iandikwe kwamba aliipigia kura supu.

4. Lalamiko la nne nimelifuta. Lilihusu pai, na hapa si mahali pake.

5. Ushahidi uliopatikana kwa njia zisizofaa. Novemba iliyopita, kamati ikiwa bado kwenye upembuzi yakinifu, Bi Ardis alipanda mlimani peke yake na kumwangusha elki dume kwa risasi moja, hatua themanini, na risasi hiyo ilitoka kwenye kalibu hii hii ya ncha bapa. Mnyama alianguka bila idhini ya kamati. Nilikwenda kwake mara nne kuichunguza nyama: mara mbili ya kuchoma, mara moja ya mchuzi, na mara moja iliyobaki niseme ukweli sikumbuki nilichunguza nini. Kila nikimuuliza kalibu ameitoa wapi, ananijibu, "Kwenye droo." Droo gani? Ya nani? Tangu lini?

6. Hili ndilo kubwa. Kalibu inayofaa kwa kila kitu ni hatari kwa jamii. Fikiria mwenyewe. Mtu mwenye kalibu moja inayomtosha hana la kuuliza. Asiye na la kuuliza hana sababu ya kwenda kwa jirani. Asipokwenda kwa jirani, anabaki nyumbani na jiko lake la kuni. Bonde zima likibaki nyumbani, klabu imekufa, ukumbi wa zimamoto utafungwa, na siku moto ukizuka nani atauzima? Wote tutaungua kwa ajili ya ncha bapa.

7. Kifungu cha tisa cha katiba yetu kinasema kamati ikimaliza kazi imevunjika. Basi imevunjika. Alhamisi hii ilipofika saa kumi nilivaa shati langu la vikao, nikachukua jalada, nikafika mpaka kwenye gari ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nikarudi ndani. Tangu mke wangu Lois afariki nyumba hii imekuwa kimya, lakini kimya cha Alhamisi hii sikuwa nimekizoea. Nalitaja hili kama suala la utaratibu tu. Bernice wa posta amenitazama usoni akaniambia, "We mzee, unataka kalibu au unataka kahawa ya Ardis?" Swali hilo ni la kijinga, na naomba wengine wasiliulize.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: kura ifutwe; kalibu ifungiwe kwenye kabati la zimamoto hadi uchunguzi ukamilike; elki wa Novemba ahesabiwe kuwa yu hai kwa muda wote huo, na waliomla waandike barua ya maelezo, nikiwemo mimi; na Kamati irudishwe kazini kwa miaka mingine sita, siku ileile, saa ileile, meza ileile.

Wasalimie wote nyumbani, wasalimie wapiga kura walionikosea, na Bwana Virgil pia, akiamka.

Wako katika kulenga sawasawa,

Harlan Tveit
Mwenyekiti (aliyevunjiwa)

Baada ya sahihi: Nilikuwa nabandika stempu Bi Ardis alipogonga mlango. Alikuja na kalibu yenyewe, akaiweka mezani juu ya barua hii, ndiyo maana ukurasa wa kwanza una doa. Ilikuwa ya Einar. Ilikuwa kwenye droo yake chini ya taulo miaka yote sita. Anasema kikao cha kwanza kabisa aliileta mezani ikiwa mfukoni mwa aproni, akitaka kuitoa tumalize kazi siku ileile. "Halafu ukaanza kueleza," akasema, "na nilikuwa sijakusikia ukiongea hivyo tangu msiba wa Lois. Nikairudisha kwenye droo." Nikamuuliza, sasa Jumamosi umeitoa ya nini? Akasema, "Miaka sita, Harlan! Vikao mia mbili na ushee, sijasikia neno lako moja lisilohusu risasi. Nikasema niivunje hiyo kamati, nione kama utakuja bila ajenda. Alhamisi nikapika, nikakaa, nikangoja. Hukuja. Mjinga we."

Kwa hiyo usiichapishe barua hii. Kama imeshachapwa, nayaondoa malalamiko yote isipokuwa la nne, ambalo nalirudisha: pai ya rubabu, yale mabua machachu ya bustanini, ya Bi Ardis ni tamu kuliko zote bondeni, na sikuwahi kumwambia. Madumu ya maziwa yapo ghalani kwangu, elfu moja na mia moja. Anayeyahitaji aje kuyachukua siku yoyote, ila Alhamisi sitakuwepo.