Probox ya Kufugia Kuku

Eddie, dalali wa magari pale Ruiru, alipomwona Mbula, mama muuza matikiti maji, akishuka kwenye bodaboda na vumbi lote la mashambani Gatuanyaga viatuni, alijua Mungu amemkumbuka. Uwanjani alikuwa na magari mawili ya Kijapani, yote ya zamani. Moja, AD, ilikuwa yake. Iling'aa kwa rangi mpya na ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi, maana ikizimwa haiwaki bila watu wanne wa kuisukuma. La pili, Probox, lilikuwa la Mzee Gachau wa Thika, zima kabisa. Eddie alikuwa amechomoa waya wa betri kisirisiri ili mzee aamini injini imekufa, amwachie kwa bei ya skrepa. Tena alishamwahidi Afande Kiama Probox hiyo hiyo, na malipo ya kwanza ya afande alikuwa ameyavaa miguuni, viatu vya ngozi halisi.

Mzee mwenyewe alikuwa pale, ameketi juu ya tairi. Eddie akaona awamalize wote wawili kwa hotuba moja.

"Mathe, nikulinganishie hizi gari bila uongo. AD, sikia injini, inaimba kama kwaya. Hii Probox imekufa. Hata ukipewa bure, kataa!"

Akazungusha ufunguo wa Probox. Kimya. Mzee Gachau akainamisha kichwa kwa uchungu, maana gari hiyo ilimsomeshea watoto wanne.

"Pole, mzee," Mbula akasema. "Kama imekufa, niuzie nifugie kuku. Huyu kijana anakupa ngapi?"

"Elfu thelathini."

"Chukua hamsini."

Eddie akatazama viatu vyake vipya. Dalali mzima, na viatu vile, ashindanie banda la kuku? Akaacha wapatane, na mzee akapokea pesa kwenye simu.

Mbula, aliyebeba matikiti kwa Probox miaka tisa, akafungua boneti, akarudisha waya, akawasha. Injini ikaitika mara moja.

"Guka... imefufuka," Eddie akamwambia mzee kwa sauti ndogo.

"Bwana asifiwe," mzee akajibu, akimkazia macho.

"Panda, mzee," Mbula akasema. "Hiyo hamsini ilikuwa ya banda. Twende kwako Thika tupatane bei ya gari."

Kabla ya kuondoka, akaingiza mkono dirishani mwa AD, akaizima. "Usichome mafuta bure, kijana."

Dakika kumi baadaye Afande Kiama akafika, akauliza Probox yake iko wapi.

"Afande wangu," Eddie akaanza, akificha kiatu kimoja nyuma ya kingine, "tukilinganisha, Probox ni ya kubeba matikiti. Mkubwa kama wewe ni AD. Injini yake inaimba kama kwaya!"

"Sawa," Kiama akasema. "Washa."