Harusi Yangu Yafika Sericho

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimejitwika kazi kubwa. Mwenyewe! Hakuna aliyenisukuma.

Jumamosi tuna maombi ya kumkumbuka mama mkwe, hapa kwetu Chechelesi, Isiolo. Mke wangu Kagwiria ametoa kaseti ya video ya harusi yetu, ile ya 1998, iliyokuwa chini ya nguo kwenye sanduku. Anasema mamake hakurekodiwa mahali pengine popote. Picha zake anazo, sauti hana. Ameanza kuisahau, na hilo linamnyima usingizi. Anataka kaseti iingizwe kwenye kompyuta isipotee, na siku ya maombi watu wote wamsikie Mama akishika maikrofoni na kumpa bintiye wosia.

Kaka yake, Anderson, akadakia hapo hapo. Eti ana fundi wake Meru, kazi yake ni hiyo hiyo. Eti shemeji Mawira abaki na miraa yake. Alisema haya akinywa chai yangu!

Nikatangaza kwamba kaseti haitoki nyumba hii. Nitaifanya mimi. Binti yetu Kiende yuko likizo na ana laptopu, na kifaa kidogo cha kuunganisha deki na kompyuta. Deki ya video iko kwa jirani yetu Ekaale, aliyekuwa akiwaonyesha watu filamu hapa mtaani zamani. Ugumu uko wapi?

Kagwiria akanipa kaseti kwa mikono miwili. Akaniomba niwe mwangalifu. Nimekuwa mwangalifu tangu nizaliwe.

Jumanne, 10 Juni

Nimefungua kifuniko cha kaseti. Kavu! Ukanda umekauka, una vumbi, hauna uhai hata kidogo. Ekaale, aliyeleta deki, akasema niupanguse polepole kwa kitambaa na kuiacha kaseti mahali pakavu. Pakavu! Mtu anakuonyesha kitu kimekauka, unamwambia akikaushe zaidi. Sikutaka kumwaibisha, ni jirani.

Mimi nimeuza miraa miaka ishirini na kitu. Mtu akitaka kujua namna ya kutunza kitu kisife, aniulize mimi. Joto la Isiolo linaua kila kitu isipokuwa miraa yangu, na sababu ni moja: majani ya mgomba.

Nimeifunga kaseti kwa majani mabichi, tabaka mbili. Nikanyunyiza maji. Nikaikaza kwa kamba. Bunda safi sana, hata mteja wa Nairobi angelisifu. Nimeliweka kivulini na mabunda mengine. Kufikia kesho ukanda utakuwa laini kama siku ya harusi.

Anderson amepiga simu kuuliza kazi imefika wapi. Nimemwambia mambo ya kitaalamu hayaelezwi kwa simu.

Jumatano, 11 Juni

Balaa.

Nimeamka nikaenda kivulini. Peupe! Nikamuuliza Apua, anayenipakilia mizigo, bunda langu liko wapi. Akauliza bunda gani. Jana jioni nilimwambia apeleke kila kilicho kivulini kwenye gari la Sericho, naye akapeleka kila kilicho kivulini. Nimemkaripia sana. Akasema yeye alifuata maneno yangu. Ndiyo tatizo la Apua.

Kwa hivyo harusi yangu iko njiani kwenda Sericho. Kule ngamia wenyewe hufika wamechoka. Nimempigia Madina, mama anayepokea mzigo wangu huko. Hapatikani. Nimepiga tena. Hapatikani. Nikajaribu nikiwa juu ya kiti. Hapatikani.

Kagwiria ameuliza kazi inaendeleaje. Nimemwambia imekwenda mbali kuliko nilivyotarajia. Huo si uongo. Akatabasamu, akasema tangu jana anajaribu kukumbuka Mama alivyokuwa akitamka jina lake. Chakula kikanishinda. Nilikula kidogo tu, sahani moja.

Alhamisi, 12 Juni

Madina amepiga. Salaam aleikum yake ilikuwa ndefu na baridi. Akasema Mzee Mawira ameshawahi kumletea miraa iliyonyauka, na ameshawahi kumletea miraa ya kuhesabu kwa vidole, lakini kuletewa harusi ni mara ya kwanza. Wateja walikuwa wameketi, thermosi za chai ziko tayari, wakafungua bunda, wakatoa kaseti. Mmoja alijaribu kuitafuna pembeni, akidhani ni mbinu mpya.

Nikaomba radhi. Nikamsihi airudishe. Akasema ameshaitia garini, imefungwa vizuri. Jana waliipangusa, wakaianika, wakaitazama. Ana deki yake kuukuu inayotumia umeme wa jua, na watu wa miraa hawana haraka. Waliitazama mpaka pale keki inapokatwa. Amenipongeza kwa namna nilivyocheza.

Halafu akaanza kucheka, akakataa kusema anacheka nini. Nadhani ni ile suruali. Wakati ule suruali pana ilikuwa heshima.

Ijumaa, 13 Juni

Kaseti imefika! Ekaale na Kiende wameunganisha nyaya, mimi nikasimamia. Imenisikitisha kujua kwamba harusi ya muda wa saa tatu lazima icheze kwa muda wa saa tatu. Nikashauri tuizungushe kwa kasi ili tumalize upesi. Tukajaribu. Kompyuta ikanasa maharusi wakikimbilia madhabahuni kama wanafukuzwa na nyuki. Tukaanza upya. Nikawaachia, nikaenda sokoni.

Nimerudi, kila kitu kimo kwenye kompyuta. Nikarudisha kaseti nyuma niitazame kidogo kwenye televisheni. Deki ikaguna. Ikaguna tena. Ikameza ukanda mita kwa mita, ikautema vipande vipande. Ekaale akashika kichwa. Nikamwambia atulie. Kazi ya kompyuta ni hii hasa!

Baada ya chakula nikaketi peke yangu na laptopu. Nikamfikia mama mkwe. Siku ile sikumsikia, maana nilikuwa nyuma ya hema nikibishana na Anderson kuhusu nyama. Kumbe Mungu alinihurumia. Mama ameshika maikrofoni, kitambaa kichwani, anamwangalia Kagwiria. Amesema hivi, kwa Kiswahili, majirani wote waelewe:

“Kagwiria, mtoto yangu, huyu kijana umechagua ni mjinga kidogo. Mimi nimemwangalia sana.”

Nikafunga laptopu. Nikaifungua. Bado alikuwa amesema hivyo.

Kesho! Mbele ya mchungaji! Mbele ya wateja! Mbele ya Anderson, kwa projekta anayoileta Anderson mwenyewe!

Sikuhitaji kusikia zaidi. Kiende alikuwa amenionyesha programu ya kukata na kubandika. Nimechukua nyimbo za kwaya yetu, nikazibandika juu ya wosia wote, toka mwanzo hadi mwisho. Mdomo wa Mama unacheza, kwaya inaimba. Inapendeza hata. Programu ni ya majaribio, kwa hiyo imeandika JARIBIO kwenye paji la uso la mama mkwe, lakini kwa herufi hafifu. Mwishoni ikaniuliza kama ifute ile ya zamani na kuweka hii. Nikabonyeza ndiyo. Ni vizuri kuwa msafi.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika haraka kabla sijabadilisha mawazo.

Hema lilijaa. Shuka jeupe likatundikwa. Anderson na projekta yake, viatu vimechongoka. Watu wakacheka mavazi, wakaonyeshana waliokufa. Suruali yangu ilipigiwa makofi. Kisha Mama akasimama na maikrofoni. Kagwiria akasogeza kiti mbele. Akaondoa leso masikioni.

Kwaya ikalipuka.

Watu wakatazamana. Kagwiria akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Kwaya. Akaniuliza, Baba Kiende, sauti iko wapi? Nikasema kaseti iliharibika mahali hapo. Akauliza kama kuna nyingine. Nikasema hakuna, na hapo ndipo nilipotambua mwenyewe kwamba hakuna kweli. Kaseti imekatika. Ile ya kwanza nimeifuta. Hakuna mahali popote duniani.

Kagwiria hakupiga kelele. Angepiga ningejitetea. Alijifunika uso kwa leso, mabega yakatetemeka. Roho iliniuma. Nilitaka nizikwe pale pale, bila maombi.

Ekaale akakohoa kutoka nyuma. Akasema samahani, yeye hicho kipande anacho kwenye simu. Nikadhani nimesikia vibaya. Akasema alitumiwa na binamu yake wa Biliqo, aliyetumiwa na mtu wa Sericho. Watu wa Madina walikirekodi kwa simu kutoka kwenye televisheni. Mama mmoja akasema hata yeye anacho. Mwingine naye anacho. Mchungaji akatazama chini. Nusu ya hema walikuwa nacho tangu Alhamisi, wamenyamaza kwa heshima ya marehemu!

Ekaale akaweka simu kwenye maikrofoni. Kuna watu wanatafuna, kuna mbuzi analia, halafu Mama, sauti yake kabisa:

“Kagwiria, mtoto yangu, huyu kijana umechagua ni mjinga kidogo. Mimi nimemwangalia sana. Lakini hana roho mbaya. Akianguka anainuka, na yeye ndiye wa kwanza kujicheka. Hiyo nyumba yako haitakosa kicheko. Mimi nimemkubali.”

Hema zima likaangua kicheko. Anderson alicheka mpaka akaketi chini. Kagwiria alikuwa analia na kucheka pamoja, akaomba irudiwe, ikarudiwa, akaomba tena.

Amenikubali. Miaka yote hii nilidhani alinivumilia tu. Niliondoka nikaenda nyuma ya hema, nikasema moshi wa jiko umeniingia machoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

Baadaye nikamuuliza Kagwiria kama amekasirika. Akasema maneno ya mamake aliyajua siku zote, siku ile alikuwa ameketi mbele yake. Alichokosa ni sauti. Akasema kama ningemuuliza, angeniambia. Sikuwa nimefikiria kuuliza.

Jumapili, 15 Juni

Kagwiria ameisikiliza sauti ya mamake akipika chai, akifagia, akichambua mboga. Ameiweka kwenye simu yake, na Kiende amesema ataiweka mahali pengine patatu. Mahali ambapo mimi sipajui, akasisitiza. Amani imerudi nyumbani. Hata Anderson ameaga kwa heshima, ingawa ameniita jina ambalo marehemu alilitumia.

Nimetafakari sana leo. Mtu lazima akubali kosa lake, na langu nimeliona wazi. Kosa lilikuwa kwaya. Kwaya ni kubwa mno! Nilifunika wosia mzima wakati neno lililohitaji kufunikwa ni moja tu, na neno fupi. Wosia uliobaki wote ni mtamu, uachwe kama ulivyo. Simu ya Kagwiria haina nywila. Kikohozi kimoja, kiwekwe mahali pake sawasawa, kama mtu wa pale Sericho amepaliwa na jani la miraa. Hakuna atakayejua!

Nimefanya mazoezi ya kukohoa tangu tutoke kanisani. Kinatakiwa kifupi, kikavu, cha mtu mzima. Kagwiria amenisikia kutoka jikoni. Ameniletea maji ya tangawizi na asali, akanifunika blanketi, akaniambia nisiongee.