Nyuso Kama Uji

Krii, kap. Krii, kap.

Kulikuwa hakujapambazuka, na deki ya jirani ilikuwa ikitoa ulimi na kuurudisha. Sukari, aliyelala upande wa pili wa ukuta, alifumbua jicho moja. Mlio ule aliujua: DVD imechoka, deki inaitema, na mwenyewe bado hajakata tamaa. Wengine huamshwa na jogoo. Sukari aliamshwa na riziki.

Jina hilo alipewa kwa ajili ya ulimi wake. Kazi yake ilikuwa kuhamisha harusi za watu kutoka kwenye DVD hadi kwenye flashi, ili zitazamwe hata kwenye simu. Video ikihamishwa hubanwa kidogo ipungue ukubwa. Sukari aliibana kupita kiasi, mpaka maharusi wakawa na nyuso kama uji, kisha akamweleza mteja, kwa majonzi makubwa, kwamba picha imechafuka na kuisafisha kuna gharama yake. Alijiona bingwa wa mji. Bingwa mwenyewe alikuwa na suruali moja ya kutokea, na kompyuta yake haikuwaka mpaka ipigwe kofi.

Kulipokucha akabisha hodi kwa jirani huyo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita ndani. Nimekuamsha?"

"Umenihuzunisha, Bibi. DVD hizi zinaoza. Ukichelewa zitafaa kutundikwa shambani, zifukuze ndege."

Bibi akaweka mkono juu ya boksi lililokuwa mezani. "Babu yao, marehemu mume wangu, yumo humu tu, kwenye harusi za watu. Mjukuu wangu wa kike anakaribia kujifungua huko mbali, na sauti ya babu yake haikumbuki. Nataka nimtumie. Ukiniharibia, sina nyingine. Unatoza ngapi?"

Sukari akafungua mdomo ataje bei nene. Bibi akaendelea, kama anayezungumza na birika:

"Halafu kuna harusi moja, marehemu alimwambia mpiga picha alikoficha kitu chake cha thamani. Jioni akanicheka, eti nitajua akishakufa. Nimetazama wee, muziki umemfunika. Naona midomo tu."

Mdomo wa Sukari ulibaki wazi, bila bei.

"Harusi ipi, Bibi?"

"Nimesahau, baba. Uzee huu."

"Basi nitazihamisha zote. Bure! Wewe si kama bibi yangu mzazi?"

"Mungu akuzidishie," alisema Bibi, akamsogezea chai.

Hapo ndipo ubingwa ulipoanza kumtoka. Midomo haisomeki kwenye uso wa uji. Ilimlazimu Sukari afanye jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja yeyote: kazi nzuri. Alileta kompyuta yake mezani kwa Bibi, akafuta kila DVD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda pembeni, polepole. Zenye mikwaruzo alizirudia mpaka zikakubali. Aliibana kila video kidogo tu, kope za watu zikabaki zinahesabika. Kompyuta ilipopata moto kama pasi, aliipepea kwa kifuniko cha boksi.

"Unazifuta kama unaosha mtoto," Bibi alisema, akimwekea mto mgongoni.

Sukari aliona aibu kidogo. Ikampita, maana DVD nyingine ilikuwa inangoja. Siku nzima alimtazama yule mzee akicheza vibaya kwenye harusi za watu na kuwapelekea wapishi soda. Akajikuta anampenda, jambo baya sana kwa mtu anayetaka kumwibia.

Katika DVD ya mwisho mzee aliinamia kamera. Sukari akabana vidude vya kusikilizia masikioni, akapunguza muziki, akaifuata midomo, akarudia, akarudia tena. Darini. Stoo. Nyuma ya tangi bovu.

"Bibi," alisema, "nasikia panya kwenye dari la stoo. Nipande nikutazamie?"

"Panda, mwanangu. Na ukiwa huko, nizibie lile tundu linalovuja."

Akaziba tundu. Akashuka na sanduku la bati, zito, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikusudia kutoka nalo mbio, lakini Bibi ndiye aliyekuwa ameshika ngazi, tena amesimama mlangoni. Likafunguliwa hapo hapo.

Ndani mlikuwa na kamera kuukuu na kanda za video, zimejaa hadi juu.

"Aliniambia ameiuza!" Bibi alicheka, machozi yakimtoka. "Kumbe alikuwa ananipiga picha nikifagia, nikiimba, nikimgombeza. Jamani, niliolewa na tapeli!"

Sukari akakaa kwenye ngazi. "Bibi, ulijua si dhahabu?"

"Mtu aliyekuwa anaazima hata sindano, dhahabu angeitoa wapi? Fundi cherehani alinionyesha harusi yake uliyoipika uji. Nikasema, huyu kijana kazi anaijua, anakosa sababu tu."

Sukari alitazama vumbi lake, tundu aliloliziba kwa mikono yake, kazi ya siku nzima ya bure. Akacheka mpaka ngazi ikatikisika. "Bingwa wa mji," akajiambia.

Bibi akamwekea flashi kiganjani. "Kwanza mtumie mjukuu wangu sauti ya babu yake. Halafu uje kesho na mashine ya kusoma kanda hizi, na ile harusi ya fundi cherehani uirudie vizuri. Utakuja, eti? Usiponiona mlangoni ingia tu, chai itakuwepo. Ukichelewa, nitagonga ukuta."