Vifaranga Pangoni

Jumatatu, 26 Januari
Vifaranga wamefika. Thelathini, wa manjano, na baridi ya hapa milimani Tlaxcala inapenya mifupani. Obdulia mke wangu amesema mahali pa kuwalea nitafute mwenyewe, ila akifa hata mmoja, wote wanahamia kwa jirani Abundio. Abundio alikuwa upande wa pili wa ukuta, akasikia. Akasema nisijisumbue, don Fidencio, pipa lake lipo tayari, lina maranda na taa. Sijisumbui. Ninafikiri.

Jumanne, 27 Januari
Bafuni: unyevu, wakapiga chafya. Chini ya meza ya jikoni: upepo wa mlangoni, wakarundikana pembeni wakilia. Kabatini na taa: hapakuwa na pa kukimbilia joto, wakahema midomo wazi. Obdulia akakuta kinyesi kwenye viatu vyake vya harusi. Akatoa sanduku la safari, na hapo ndipo nilipoogopa. Kesho anaenda kwa dada yake mpaka Jumatatu.

Jumatano, 28 Januari
Nimepata! Pango la Krismasi pale sebuleni. Hatulivunji mpaka Kandelaria, sikukuu ya kubariki mishumaa, tarehe mbili Februari. Lina nyasi kavu, milima ya karatasi inazuia upepo, na juu ya hori inawaka nyota yenye balbu kubwa. Wakisikia baridi wanasogea horini, wakizidiwa na joto wanahamia kwa wachungaji. Nimewaondoa wachungaji wawili tu.

Ijumaa, 30 Januari
Sikufanya kazi. Nimeshinda kitini nikiwatazama. Mmoja amelala mapajani mwa mfalme Baltazari, mmoja wa wale mamajusi. Wengine wamemzunguka Mtoto Yesu wa udongo, maana udongo unashika joto. Nyumba nzima inalia pii, pii, taratibu. Nikasinzia, nikaona kuku elfu moja wakishuka mlima Malinche, kila mmoja akinisalimu kwa jina. Furaha kama hii sijaipata tangu utotoni.

Jumapili, 1 Februari
Abundio amechungulia dirishani. Akauliza kama Mtoto alizaliwa bila pua. Nikatazama. Wamemdonoa. Nimempachika pua ya unga wa mahindi. Wameila.

Jumatatu, 2 Februari
Obdulia amerudi pamoja na Bi Refugio, ambaye kwa desturi ya hapa ni mama wa ubatizo wa yule Mtoto wa udongo, aliyeleta kanzu mpya ya kumvika kabla ya kumpeleka kanisani kubarikiwa. Akaona vifaranga. Akaona uso. Akasema miaka arobaini anamvika Mtoto huyu, na mimi don Fidencio nimemlisha kuku. Akamvika, akamshushia kofia mpaka mdomoni, akatoka naye.

Vifaranga wakaruka kutoka pangoni wakamfuata Mtoto wao. Wote thelathini, mstari mmoja, barabara yote hadi kanisani. Watu walipisha. Abundio alivua kofia. Padri alipobariki mishumaa aliwanyunyizia na wao maji. Mimi nililia waziwazi.

Tuliporudi Obdulia aliwahesabu: hakufa hata mmoja. Akasema kwenye masharti yake alisahau kutaja pua, na anaitaja sasa. Nimewapeleka kwa Abundio kwa mikono yangu mwenyewe. Wakalala pipani papo hapo, wametulia. Roho imeniuma sana.

Lakini pale kanisani nilikiona kibanda cha kuungamia. Kikavu, mbao tupu, hakipitishi upepo, mlango unafungwa, na kuna kidirisha cha kuchungulia. Padri anakitumia Jumamosi tu. Nimeshaagiza sitini.