Injinia Alivyopanga Foleni ya Intaneti

Asubuhi hiyo tulikuwa kwenye benchi letu chini ya ploti, jengo tunalopanga hapa Pipeline, Nairobi, tukibishana juu ya habari kwamba intaneti ya Eastlands itaongezwa kasi mara kumi. Kimanzi, tunayemwita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyewahi kukiona, alisema habari yenyewe imechukua dakika sita kufunguka kwa simu yake. Tulicheka hadi chai ikamwagika.

Lorine, jirani yetu, hakucheka. Alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya chai, blauzi ya kanisani juu, slipa chini. Saa nne angehojiwa kwa video, kazi ya kuhudumia wateja, na miezi minane ya kutafuta ilikuwa imemchosha. Lakini laini ya intaneti ya ploti nzima ni moja, na Mzee Kamera, mpiga video wa harusi, alikuwa akimtumia shangazi wa bibi harusi huko Kanada filamu ya harusi yenye urefu wa saa tano, kipande baada ya kipande.

"Injinia, nisaidie," Lorine akasema. "Hii kitu ikikwama leo, mi nimeisha."

Injinia akaingia kwa simu yake kwenye mipangilio ya ruta, kile kisanduku kinachotugawia intaneti, akatueleza kwa maringo kwamba humo unapanga nani apite kwanza. Akabonyeza, akajipongeza. Saa nne swali la kwanza likaja, Lorine akafungua mdomo, picha ikaganda.

Nikamnyang'anya Injinia simu. Mzee Kamera alikuwa wa kwanza kwenye orodha, mimi wa pili, Lorine mkiani.

"Umepanga aje hii?"

"Kwa umri. Si ni heshima? Siwezi weka mzee nyuma ya msupa mdogo."

Nikamrudishia simu. "Buda, hapa hatupakui chakula matangani. Faili inaweza ngoja. Mtu anaongea hawezi."

Injinia akamtazama Mzee Kamera kuomba ruhusa. Mzee akapuliza chai yake.

"Weka msichana mbele. Hao wa harusi walishaoana, wana haraka ya nini?"

Injinia akampandisha Lorine juu ya orodha, na mama wa kampuni aliyekuwa akimhoji akaanza tena kusogea kwenye skrini. Akauliza kumetokea nini. Lorine angeweza kudanganya kuhusu stima, lakini alisema ukweli wote: fundi wao alipanga foleni kwa umri, yeye akawa wa mwisho, samahani kwa kungojeshwa, sasa mambo ni sawa.

Mama akacheka hadi akavua miwani. "Na wateja wetu wakikwama, utawaeleza hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo, madam."

Mama akauliza mengine machache, kisha akafunga mazungumzo. "Jumatatu saa mbili, basi, uje uanze kazi."

Tulimbeba juu juu, slipa moja ikaangukia mtaroni. Hata Injinia alidai asilimia fulani ya sifa.

Ndipo simu ya Mzee Kamera ikalia. Ni shangazi wa Kanada, anafoka. Kipande cha mwisho kumfikia kimekatikia pale pasta anapouliza kama kuna mwenye pingamizi, na dakika ishirini sasa familia nzima inangoja kujua ni nani aliyesimama.

Mzee akamgeukia Lorine. Lorine akajifuta machozi ya kicheko, akanyoosha mkono.

"Leta. Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza."