Makoromo, Chura wa Malango ya Kisimani

Jumatatu, 9 Desemba 1974

Sikukuu ya Uhuru. Hakuna kazi shamba la kijiji. Siku njema ya kuanza kumla Shamte.

Si mimi nitakayemla. Ni Makoromo. Nimemtunga bwenini huko bara muhula mzima, wenzangu wakisoma kemia. Chura. Lakini chura gani! Akisimama anaupita mnazi. Kinywa kama mlango wa banda la mbata. Ana mapafu ya nchi kavu na matamvua ya samaki, kwa hiyo ukikimbilia majini yumo, ukikimbilia pwani yumo. Ulimi wa gundi. Ngozi ya sumu. Umri, miaka elfu. Analinda malango matatu ya mji uliozama kule Kisimani. Nilimwandika kwanza kwa Kiingereza, maana kwa Kiingereza hata chura huonekana ana cheo. Nilipomrudisha kwenye Kiswahili akanenepa.

Mchezo wetu hauna ugumu. Msimulizi anakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, uani kwa Bibi Kijakazi, anaeleza mahali na hatari. Wachezaji wanasema wanafanya nini, kisha wanarusha kauri. Zikilala chali, umefaulu. Zikilala kifudifudi, umeliwa. Wachezaji ni Shamte, mtoto wa ami yangu, ambaye huongea kama yuko mkutanoni hata akiomba chumvi, na Biasha wa nyumba ya pili, ambaye hufua nazi kuwashinda wanaume na hacheki ovyo.

Tumewekeana sharti. Wakipita malango yote kabla ya magharibi ya Ijumaa, Shamte anachukua mbuzi mpaka shule zifunguliwe. Wasipopita, ni yangu.

Niseme kweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Mimi sisemi mbele za watu. Nikiulizwa jina darasani, mwalimu huinama anisikie. Ila nikikaa juu ya mbuzi ile, nasema! Watu wananyamaza, wananitazama mdomo. Likizo iliyopita msimulizi alikuwa Shamte. Tukio la kwanza tu aliniacha nilinde ngalawa. Nikalinda ngalawa likizo nzima. Hakutokea hata mwizi mmoja.

Sirudi kwenye ngalawa.

Jumanne, 10 Desemba

Maafa!

Nilianza vizuri. Sauti ya chura nilikuwa nimeifanyia mazoezi chooni, mpaka mama akauliza kwa nje kama nimekula kitu kibaya. Makoromo akaibuka. Nikataja kinywa, ulimi, sumu. Biasha akaacha kutafuna. Nikanogewa, nikaongeza: ana miaka elfu!

Bibi alikuwa pembeni anasuka ukili, hayumo mchezoni kabisa. Akauliza bila kuinua kichwa: mtu mzima wa miaka elfu yuko mbele yenu, na hakuna aliyemwamkia? Ndivyo mlivyolelewa?

Shamte, mnafiki yule, akainama pale pale. Shikamoo, babu!

Na mdomo wangu ukajibu kwa sauti ya chura: marahaba, mjukuu wangu.

Imetoka yenyewe! Nina wadogo wanne. Shikamoo ikisikika nyumbani kwetu, marahaba inatoka kama chafya.

Basi. Biasha akasema ameshaitikia, hawezi kuwala tena, wamekuwa wajukuu zake. Nikasema anaweza. Bibi akasema hawezi. Nikasema ni chura! Bibi akasema hata kama. Shamte akamwomba babu ruhusa ya kupita, akamuuliza na hali ya miguu. Lango la kwanza limekwenda. Kauri hazikurushwa hata mara moja.

Jumatano, 11 Desemba

Asubuhi shambani, palizi ya mihogo. Shamte akanipita na jembe lake, akasema nimsalimie babu. Sikumjibu. Jibu zuri sana nililipata adhuhuri, nikiwa peke yangu.

Lakini kosa nimeligundua. Kosa ni umri. Jioni lango la pili lilikuwa na Makoromo mdogo, mtoto wa yule. Kinywa kile kile, sumu ile ile, ila ana miaka minane. Mtoto haamkiwi. Nilikaa juu ya mbuzi roho imetulia.

Biasha akanikazia macho. Wewe mtoto, huoni wakubwa?

Nikanyamaza. Bibi akaacha ukili. Akasema kama hiyo ndiyo adabu wanayofundishwa huko bara, atakwenda kuzungumza na mama yangu. Nikamwambia asiyeamkia ni chura, si mimi. Akasema yeye anachokiona ni mdomo wangu umefungwa.

Chura akaamkia. Shikamooni.

Baada ya hapo ikawa mteremko. Mtoto aliyeamkia hutumwa. Biasha akamtuma maji. Shamte akamuuliza kwa nini hayuko shuleni, na kama hayuko shuleni kwa nini hayuko shambani, akamwita mzururaji, akamsomea hotuba nzima juu ya makupe wanaokalia visima vya umma. Kisha akasema: hebu tufungulie hilo lango, na ulirudishie tukishapita.

Bibi naye ametangaza kwamba anaingia mchezoni. Eti mtoto yule hana mtu wa kumwangalia.

Sasa wako watatu. Mimi mmoja. Lango moja.

Alhamisi, 12 Desemba

Wali wa nazi umenishinda. Mama anadhani ni homa. Si homa, ni mawazo.

Nimelipata! Lugha! Bibi amesoma chuo cha Kurani tu. Biasha Kiingereza hakitaki. Shamte aliishia darasa la saba na kilichombakia ni majina ya siku, tena anaruka Alhamisi. Kwa hiyo chura wa tatu ametoka mbali na haelewi neno la Kiswahili. Wamwamkie mpaka wachoke. Asiyeelewa salamu haitikii, na asiyeitikia anakula watu.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka samaki wakaungua.

Ijumaa, 13 Desemba

Niandike upesi kabla sijalia.

Makoromo wa tatu alitoka na Kiingereza chake. Nilikingurumisha hata mimi nikaogopa. Shamte akakunja uso. Biasha akashika kauri, kwa mara ya kwanza wiki nzima, akarusha. Kifudifudi zote! Ulimi ukamnasa mguu. Akapiga yowe la kweli. Jua lilikuwa limeshagusa minazi. Nilikuwa nimeshinda!

Bibi akauliza mgeni anasema nini. Nikasema anasema atawala. Akasema sawa, mwambie shikamoo yangu.

Nikasema mimi si mkalimani. Akauliza ni nani mwingine hapa anayejua lugha yake. Nikasema hakuna. Basi ni wewe, akasema. Nimekupa salamu, zifikishe. Au unataka kuzimeza?

Hapo ndipo nilipokwama. Tangu nipate akili Bibi ananipa salamu nizipeleke. Kilindoni, Chole, hata kwa mpishi wa bweni ambaye hajawahi kumwona. Sijaacha hata moja njiani. Nilijaribu leo. Wallahi nilijaribu. Nikang'ata midomo, nikatazama juu. Macho ya Bibi yakanisubiri. Nikamgeukia chura, ambaye ni mimi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba Bi Kijakazi wa kijiji cha Kanga anamwamkia kwa heshima. Nikageuka tena, nikawa chura. Kiingereza cha marahaba sikijui. Sidhani kama kipo. Chura akatumia kilichokuwepo.

Marahaba!

Shamte akaruka. Kumbe anajua! Biasha akauchomoa mguu wake taratibu, akampa chura pole ya safari. Bibi akamkaribisha chai. Lango la tatu wazi.

Nikainuka kwenye mbuzi. Kanga yangu ikanasa kwenye meno yake, ikachanika. Hata mbuzi!

Jumamosi, 14 Desemba

Nililinda ngalawa.

Shamte alifungua hadithi yake kwa kuchagua mwenyekiti na katibu wa msafara. Kabla hajamaliza ajenda, Biasha akasema wapitie kwanza Kisimani kumjulia hali babu. Shamte akasema babu hayumo katika hadithi hii. Bibi akashangaa: mtu kawapisha mlangoni kwake, msirudi hata kumtazama? Ikambidi Shamte awe chura. Akatoa sauti ya jogoo mwenye mafua. Biasha akasema huyo siye. Bibi akasema siye kabisa. Wakanigeukia wote wawili: Mwatima, hebu njoo wewe.

Shamte akaisukuma mbuzi kwa mguu. Akasema haya, kesho alete huyo chura wake.

Nimerudishiwa mbuzi! Na sababu naiona wazi. Walionja hofu Ijumaa, sasa wanaitamani. Hakuna maelezo mengine.

Kwa hiyo kesho sina huruma. Nimemtunga mke wa Makoromo. Mkubwa kuliko mume. Umri wake hautajwi. Lugha hana. Na ili awe mkali kupita kiasi, amezaa juzi. Mayai mia tisa, yamejaa mlango mzima. Mama mwenye watoto wachanga, amejifungia ndani, hataki kuguswa. Nione nani atakayethubutu kumkaribia!

Nimemdokeza Bibi jambo moja tu, kwamba kuna mzazi. Ameingia jikoni, anatwanga pilipili manga, na ametenga sufuria kubwa ya uji, ile iliyoletwa kwetu kila alipozaliwa mdogo wangu. Sijui ni nani anayeumwa.